Daktari kurudi kwao kufanya residensi, mbona tunamcheka?

Kila Machi hapa Marekani, ile Ijumaa ya 3 ambayo matokeo ya Match, mfumo wa kompyuta unaogawa nafasi za residensi, yanatoka na mwanafunzi wa udaktari anayemaliza chuo anajua ataenda kufanya wapi hiyo residensi, yaani mafunzo ya kazi hospitalini baada ya chuo, maneno huwa yale yale. Mtoto kasoma Boston au Chicago miaka 4, alafu anarudi Omaha au Des Moines walipo wazazi wake, basi watu wanaanza, huyo kashindwa, huyo kaogopa jiji, kamisi chakula cha mama. Na sisi wa diaspora ndo tunaongoza kusema, manake tumezoea kupima mafanikio ya mtu kwa umbali aliofika toka kwao.

Wanaosema asirudi wana hoja zao na sio za kupuuza. Residensi ndo inayompa daktari mkono wa kazi, miaka 3 kwa tiba ya familia, 5 kwa upasuaji wa jumla, 7 kwa upasuaji wa ubongo, na hospitali ndogo haiwezi kukufundisha ugonjwa ambao haiupokei. Pili, ukibana maombi yako jimbo moja tu unapata intavyuu chache, na mwenye intavyuu chache yuko kwenye hatari ya kukosa nafasi kabisa. Alafu hiyo habari ya kuwa karibu na familia, jamani, mtu anaruhusiwa kufanya kazi mpaka wastani wa saa 80 kwa wiki, hata akiishi mtaa mmoja na mama yake atakuwa anamkuta kalala.

Sawa. Ila kuna takwimu moja ya AAMC, chama cha vyuo vya udaktari vya Marekani, ambayo mi huwa nashindwa kuipita hivi hivi. Zaidi ya nusu ya madaktari waliomaliza residensi wanafanya kazi kwenye jimbo lile lile walilofanyia hiyo residensi, na California inabaki nao zaidi ya 70%. Hebu fikiria maana yake. Mtu anajiambia naenda New York miaka 3 tu nikishaiva narudi, kumbe hiyo miaka 3 inamkuta ana 27 au 28, umri ule ule watu wanaoa na kuolewa, mtoto wa kwanza anazaliwa, mwenzako anapata kazi hapo, leseni ya kutibu ni ya jimbo hilo, maprofesa wanaokujua na wa kukupigia simu kuna nafasi wako hapo hapo. Hakuna siku anayokaa akaamua kwamba harudi. Anashtukia tu mtoto kaanza shule.

Mtu atasema hiyo takwimu inachanganya sababu na matokeo, kwamba wengi waliobaki ni wale waliotaka kubaki toka mwanzo, ndo maana walichagua huko. Ni kweli, na nusu nzima huwezi kuihesabia residensi peke yake. Lakini mbona hiyo inazidi kumpa haki huyu tunayemcheka? Kama anajua anataka kuishia kwao, kwa nini akaote mizizi kwingine kwanza alafu aje aing'oe?

Angalia Wyoming. Hawana chuo chao cha udaktari, wanasomesha vijana wao kupitia WWAMI, mpango wa Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle unaohudumia Washington, Wyoming, Alaska, Montana na Idaho. Kijana wa Wyoming anasaini kwamba akimaliza residensi atarudi kutibu jimboni miaka 3, la sivyo alipe gharama. Tatizo ni hapo katikati. Kwa miaka mingi residensi za Wyoming zimekuwa za tiba ya familia tu, Casper na Cheyenne, kwa hiyo anayetaka udaktari wa watoto au upasuaji anaenda kuiva jimbo lingine, anaota mizizi huko, alafu ndo anadaiwa arudi. Na kuongeza nafasi sio rahisi, Bunge la Marekani liliweka ukomo 1997 wa nafasi za residensi ambazo Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, inalipia kwenye hospitali zilizokuwa zinafundisha tayari, na nyingi ziko mashariki kule New York na Massachusetts.

Hata fomu ya maombi yenyewe haimwelewi anayetaka kwao. Unachagua mpaka kanda 3 kati ya 9 za nchi na kueleza sababu kwa herufi 300. Alaska iko kanda moja na California na Hawaii! Yaani kijana wa Fairbanks anayetaka kurudi kwenye baridi yake anaweka tiki pale pale anapoweka anayetafuta bichi San Diego, na hizo herufi 300 ndo za kuelezea kwamba bibi yake yuko kule.

Sasa mi nasemaje. Anayetaka upasuaji wa ubongo na kwao hakuna programu aende tu, hana namna. Anayetaka uzazi na magonjwa ya wanawake akiwa wa Texas au Idaho afikirie mara mbili, toka 2022 mafunzo ya utoaji mimba kwenye majimbo yaliyopiga marufuku yanabidi yatafutwe jimbo jingine. Lakini kwa tiba ya familia, tiba ya watoto, magonjwa ya ndani, magonjwa ya akili, mwombaji aombe kwingi, aende intavyuu zote anazopata, alafu kwenye orodha ya mwisho ya programu anazozitaka aweke kwao namba 1 bila aibu. Kompyuta ya Match inaanza na chaguo la mwombaji, hiyo hesabu ni sehemu ya kazi iliyompa Alvin Roth Nobel ya uchumi 2012, kwa hiyo kuweka kwao juu hakumpunguzii nafasi kwa namba 2 wala 3. Na Des Moines kuna wagonjwa kibao toka Kongo na Burundi wanaoongea Kiswahili, daktari aliyekulia kati yao hana haja ya kusubiri mkalimani wa simu ndo aulize tumbo linauma wapi.