Nyuzijoto 37.5 Si Siri ya Mtu

Mwezi uliopita yalifanyika mtaani kwetu mafunzo ya siku moja ya kutotolesha vifaranga nyumbani, kiingilio shilingi 20,000 pamoja na soda. Mkufunzi alizungumza kutwa nzima kuhusu utajiri uliomo ndani ya yai: yai linazaa kuku, kuku anazaa trei, trei inazaa kiwanja, na kiwanja, kwa hesabu zake, kinazaa gari. Ilipofika saa ya maswali, bibi mmoja aliyekaa safu ya mbele alinyosha mkono na kuuliza kwa adabu, "Mwanangu, hiyo mashine unaiweka kwenye joto kiasi gani?" Mkufunzi akatabasamu na kumjibu, "Bibi yangu, hilo limo kwenye kijitabu." Kijitabu kilikuwa kinauzwa mlangoni, kwa fedha nyingine mbali na kiingilio.

Nimewahi kuona watu wakiuza maji, mchanga na hata nafasi ya kusimama kwenye foleni, lakini joto la yai sikuwahi kuona likiuzwa. Kuku wote wa nchi hii wanalijua na hawajamtoza mtu senti. Kwa kuwa bibi yule aliondoka bila jibu, naliandika hapa, na yeyote mwenye mjukuu mwenye simu amsomee bibi yake.

Mashine yenye feni huwekwa kwenye nyuzijoto 37.5 hadi 37.8 za Sentigredi, siku zote 21. Mashine isiyo na feni, pamoja na yale maboksi ya mbao na balbu tunayojitengenezea wenyewe, husomwa kwenye nyuzi 38.5 hivi, na kipimajoto kiwekwe usawa wa mgongo wa yai, kwa sababu hewa ya moto hupanda juu na kuacha ubaridi chini, kiasi kwamba kipimajoto kilichoning'inizwa darini kitakuonyesha joto la dari wakati mayai yako yanapigwa na baridi. Kipimajoto cha homa cha duka la dawa kinatosha kabisa kuhakiki kile cha mashine, maana kimetengenezwa kupima kwa usahihi kiwango hichohicho cha joto. Jambo hilo moja, yaani kutoliamini tarakimu linalowaka kwenye kioo cha mashine mpaka ulipime kwa chombo kingine, lina thamani kuliko sura zote za kijitabu zinazohusu kuwaza kitajiri. Na anayejenga boksi lake mwenyewe atafute balbu za zamani zenye waya ndani, ambazo siku hizi zimeadimika, kwa kuwa hizi za kuokoa umeme zina mwanga mzuri na joto la kubahatisha.

Unyevunyevu nao si uchawi. Katika siku 18 za mwanzo unatakiwa uwe kati ya asilimia 50 na 55, na katika siku tatu za mwisho upande hadi 65 au 70, jambo linalofanyika kwa kuongeza sahani ya maji au kitambaa kilicholowa. Yai hupumua na kupoteza maji kidogokidogo kupitia kaka lake, yaani ganda la nje, na nafasi ya maji hayo huchukuliwa na chumba cha hewa kilichoko upande mnene. Kifaranga akikaribia kutoka, hutoboa kwanza kuingia katika chumba hicho na kuvuta pumzi yake ya kwanza humo kabla hajagusa kaka. Mashine ikiwa na maji mengi mno tangu mwanzo, chumba hicho hubaki kidogo na kifaranga hufa akiwa amekamilika, manyoya na kucha vikiwa tayari, na mwenye mashine huanza kumtafuta mchawi mtaani.

Kugeuza mayai kunafanywa angalau mara tatu kwa siku, ili mimba isigande kwenye utando wa upande mmoja. Idadi iwe witiri, tatu au tano, ili upande uliolala usiku wa leo usiwe uleule utakaolala usiku wa kesho, kwa sababu usiku ndio muda mrefu kuliko yote ambao yai hukaa bila kuguswa. Tia alama upande mmoja kwa kalamu ya risasi, si kwa wino. Siku ya 18 unaacha kugeuza, unaongeza maji, unafunga mlango, kisha unaondoka. Hapo ndipo wengi wetu tunaposhindwa, na si kwa kukosa elimu bali kwa kukosa subira, kwa kuwa mlio wa kwanza ukisikika ndani ya yai, nyumba nzima huja kuchungulia, watoto, majirani na mjumbe wa nyumba kumi, na kila mlango unapofunguliwa unyevu hutoka, utando hukauka na kumbana kifaranga kama ngozi ya ngoma iliyoanikwa juani. Kifaranga aliyekwisha kutoboa kaka anaweza kuchukua hata siku nzima kabla hajatoka, na hana njaa, kwa sababu kiini kilichobaki amekwisha kukivuta tumboni na kinaweza kumweka hai siku mbili au tatu bila chakula. Anayemmenya kwa huruma humkuta bado ana mishipa ya damu iliyoshikamana na utando, na huruma hiyo huishia kwenye shimo la taka.

Hayo ndiyo yaliyokuwa yanauzwa mlangoni, au tuseme ndiyo yaliyopaswa kuuzwa, kwa kuwa kijitabu chenyewe nilikisoma baadaye kwa jirani na nikakuta kurasa nyingi za picha za vifaranga na ukurasa mmoja tu wa joto.

Nitaambiwa kwamba siri ya ufundi si jambo la leo, na ni kweli. Wamisri walikuwa wakiangua mayai bila kuku tangu kale sana. Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, tayari alikuwa ameandika juu ya mayai yanayoanguliwa huko kwa kufukiwa katika samadi. Baadaye walitumia tanuri kubwa za matofali ya udongo, zenye vyumba vilivyopangwa pande mbili za ujia, ambamo maelfu ya mayai yaliangulika kwa moto wa samadi na majani makavu. Hawakuwa na kipimajoto. Fundi alichukua yai na kuligusisha kwenye kope la jicho lake, mahali ambapo ngozi ni nyembamba, akajua kama moto upunguzwe au uongezwe. Ufundi huo ulirithishwa ndani ya familia, baba kwa mwana, na wageni kutoka Ulaya walioziona tanuri hizo waliondoka na maajabu ya kusimulia bila kuujua ufundi wenyewe. Kisha akaja Mfaransa Réaumur, ambaye alikuwa amekwisha kubuni kipimajoto chenye vipimo vyake mwenyewe, akafanya majaribio kwa mapipa yaliyozungushiwa samadi ya farasi inayochacha, na mwaka 1749 akachapisha matokeo yake pamoja na viwango vya joto ili yeyote mwenye pipa na samadi aweze kujaribu.

Sitaki kuwalaumu mafundi wa Misri, ambao mkono wao uliwalisha, na ambao hata hivyo walikuwa na kitu cha kuficha, kwa sababu kujua joto kwa kope la jicho ni kipaji kilichochukua miaka ya kukaa karibu na moto. Mkufunzi wetu ameficha kitu gani? Amechukua tarakimu iliyokwisha kutolewa hadharani zaidi ya miaka 270 iliyopita, akaifunika kwa jalada la rangi, kisha akamwomba bibi wa watu alipie kuifunua.

Na ubaya wa siri hauishii kwenye fedha. Anayeuza siri hawezi kukuonyesha mayai yake yaliyoharibika, kwa sababu mayai viza huharibu soko, kwa hiyo katika mafunzo yote yale hatukusikia hata yai moja lililokufa. Tulioneshwa mashine iliyojaa vifaranga wa manjano. Ilhali mtu anayeangua mayai hujifunza zaidi kwa kuyapasua yale yasiyoangulika kuliko kwa kuwahesabu waliotoka. Ukipasua na kukuta kiini safi bila dalili ya mimba, tatizo huenda liko bandani, pengine jogoo mmoja amepewa mitetea 25 wakati anayemudu ni wanane hadi kumi, au mayai yamekaa sana kabla ya kuwekwa. Ukikuta duara la damu, mimba ilianza na kufa mapema, labda kwa joto au kwa mayai kutikiswa sana njiani. Ukikuta kifaranga mzima aliyefia ndani, angalia maji, hewa na zile siku tatu za mwisho. Mambo haya wafugaji walipaswa kuyasimuliana kwenye vibaraza vyao kwa sauti ya kawaida, kama wanavyosimuliana kuhusu mvua, lakini mkufunzi akishasema kwamba kila anayefuata kijitabu hupata vifaranga mia kwa mayai mia, nani atasimama kusema kwamba yeye amepata thelathini? Hata vituo vikubwa vya kutotolesha havipati mia kwa mia. Mtu anapata thelathini, anaona aibu, anaifunika mashine kwa kanga na kuipeleka stoo, na jirani yake ananunua nyingine ili akosee palepale.

Wako pia walionunua trei ya mayai ya dukani, ya kuku wa mayai ambao hawajawahi kumwona jogoo, wakayaweka kwenye mashine na kusubiri siku 21. Sina la kuongeza.

Lililoniudhi kuliko yote ni kwamba bibi yule aliyenyimwa jibu ndiye aliyekuwa na ya kufundisha ukumbini. Nilizungumza naye nje tulipokuwa tunasubiri soda zilizochelewa. Yeye huwaatamisha kuku wake kwa pamoja: mtetea wa kwanza akianza kulalia na kusimamisha manyoya kila anaposogelewa, humwekea yai moja bovu au la kuchemshwa ili akae, huku mayai mazuri akiyahifadhi mahali pa baridi, ncha ikiangalia chini, yasizidi siku saba au nane. Mitetea wengine wawili watatu wakishaanza kulalia, huwapa wote mayai mapya jioni ya siku moja, kumi hadi kumi na matatu kila mmoja kulingana na ukubwa wake, giza likiingia ili watulie. Chini ya kiota huweka majivu na kuzungushia majani makavu ya mwarobaini kwa ajili ya utitiri. Baada ya wiki moja hupima mayai kwa tochi usiku, akayaondoa yasiyo na mishipa, na yaliyobaki ya kuku watatu mara nyingi huyalundika kwa wawili, akamrudisha wa tatu kwenye kutaga. Vifaranga wakitoka huwa wa umri mmoja, wanakingwa pamoja na kuchanjwa pamoja dhidi ya kideri. Umeme ukikatika, kuku wake hawana habari.

Haya aliniambia yote bila kuangalia kama nimelipa. Nilipomuuliza aliyajifunza wapi, akasema kwa wifi yake, ambaye pia ndiye aliyemfundisha kusuka ukili na kupika sabuni ya mafuta ya nazi, na kwamba malipo yalikuwa kumsaidia wifi kuchota maji. Wifi huyo angekuwa na kijitabu, nadhani leo mtaa mzima ungelala kwenye mikeka ya plastiki.

Nakubali, japo shingo upande, kwamba mkufunzi naye ana watoto wa kulisha, kwamba ukumbi unakodishwa na soda zinanunuliwa, na kwamba mtu aliyetumia siku yake kufundisha astahili ujira. Fundi anayekuja nyumbani kwangu kurekebisha kidhibiti joto namlipa, na namlipa vizuri, kwa sababu ananipa mikono yake na muda wake. Nakubali pia kwamba mashine ina mahali pake: anayetaka vifaranga mia kila wiki tatu hawezi kusubiri mitetea wapate hamu ya kulalia, na kuku wengi wa kisasa wa mayai wamechaguliwa kizazi baada ya kizazi mpaka wameacha kabisa kuatamia. Lakini kumlipa mtu kwa kazi ni jambo moja, na kumtaka mjane alipe mara mbili ili aambiwe tarakimu ni jambo jingine.

Ninachotaka ni kidogo na kinawezekana. Afisa ugani wa kata abandike kwenye ubao wa matangazo, karibu na tangazo la mkutano wa kijiji, karatasi moja yenye viwango vya joto na maji pamoja na siku za kila ndege: kuku 21, bata mzinga 28, kanga 26 hadi 28, kware 17 au 18. Wauza mashine waandike maelekezo kwa Kiswahili, si kwa Kichina chenye picha ya bata anayecheka, na waseme wazi kama kipimajoto chao kimehakikiwa au la. Na mkufunzi ajaye kwetu kwa kiingilio cha shilingi 20,000 aje na ndoo ya mayai yake yaliyokufa, ayapasue mbele yetu moja baada ya jingine, atueleze kila moja lilikufa siku ya ngapi na kwa nini. Kiingilio hicho nitalipa bila kunung'unika, na soda sitaidai.