Leja Kwanza, Sahihi Baadaye

Lori la dawa lilifika kwenye kituo chetu cha afya saa kumi na moja jioni, wingu limeshatanda upande wa mlimani. Dereva ana haraka, amebakiwa na zahanati mbili mbele, na barabara ile mvua ikinyesha haipitiki. Mganga mfawidhi, mkuu wa kituo, akanipigia simu: "Ndugu mjumbe, mzigo umefika, njoo tupokee." Nikafunga duka, nikakimbia.

Tulikuwa wanne: yeye, dada wa famasi, mwalimu mstaafu ambaye ni mwenyekiti wa kamati yetu ya wananchi inayosimamia kituo, na mimi mjumbe wake. Mwalimu akavaa miwani, akashika hati ya mzigo, akaanza kusoma kwa sauti ileile aliyokuwa akiitia majina darasani. Dawa mseto. Amoksilini ya watoto. Dripu. Glavu. Kila alichotaja, dada aliitikia "ipo" boksi likipita mlangoni, nami nikalipanga kwenye rafu. Maboksi ya glavu yalikuwa 20. Nayakumbuka kwa sababu niliyabeba mwenyewe, mawili mawili.

Wiki tatu baadaye mama mmoja alikuja kujifungua, ndugu zake wakaambiwa wakanunue glavu. Mimi nina steshenari pale stendi, na kwenye steshenari habari hufika kabla ya mteja. Hata saa sita haijafika nilishaambiwa kwamba glavu zimeuzwa. Kijana aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho akaniambia usoni, "Na nyie wa kamati mnakula nao." Maneno yale yaliniuma. Nilimpitia mwalimu nyumbani kwake, tukaenda moja kwa moja kituoni, tukaomba leja ya stoo.

Dada aliifungua mbele yetu. Maboksi 8 yametumika wodi ya wazazi. 2 yamekwenda chumba cha kufungia vidonda. 10 yameazimwa na zahanati ya kata jirani ambayo mzigo wake ulichelewa, na hati ipo, imegongwa muhuri na kutiwa sahihi. Hakuna aliyeiba hata glavu moja. Ila kamati haikuambiwa, wananchi hawakuambiwa, na kwenye hati hapakuwa na tarehe ya kurudisha. Mganga mfawidhi alipiga simu palepale. Kesho yake asubuhi maboksi 5 yalirudi kwa bodaboda, yamefungwa kwa mpira wa baiskeli, na ile familia ikarudishiwa hela yake. Jioni mwalimu alisimama kwenye mkutano wa kitongoji, akasoma hesabu yote kama ilivyo kwenye leja. Watu waliuliza maswali mawili matatu, wakaridhika.

Hiyo ndiyo kazi ya kamati ya usimamizi wa kituo, na ningependa kila anayeidharau angekuwepo siku ile. Leja ilimlinda mama mjamzito, na ilimlinda pia yule dada wa famasi ambaye tangu asubuhi mtaa mzima ulikuwa umeshamhukumu.

Kwa wasioifahamu: kila zahanati, kituo cha afya na hospitali ya wilaya Tanzania inatakiwa iwe na kamati ya namna hii. Ndani yake wamo wananchi wa kawaida, watu wasio na taaluma ya afya, na mganga mfawidhi ndiye katibu. Juu yake ipo bodi ya huduma za afya ya halmashauri. Hatulipwi mshahara. Kamati hizi zilizaliwa kwenye mageuzi ya sekta ya afya, baada ya Serikali kuanza mwaka 1993 kuwataka wagonjwa wachangie gharama za matibabu. Mfuko wa Afya ya Jamii, ambao kaya zilichangia ili zitibiwe, ulijaribiwa Igunga mwaka 1996, ukatungiwa sheria mwaka 2001. Mantiki yake mtu yeyote anaielewa: ukinitaka nitoe hela, nami nataka kukaa mezani inapopangiwa matumizi.

Lakini mimi huwa naenda nyuma zaidi ya hapo. Mwaka 1973, kwenye kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikaa vikundi vikundi kuizunguka redio, wakasikiliza kipindi, wakajadiliana, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Marehemu baba yangu alikuwa kwenye kikundi kimojawapo. Alikuwa akitusimulia kwamba kilichomvutia zaidi kilikuja redio ikishazimwa, pale kiongozi wa kikundi alipouliza, "Haya, sisi hapa kwetu tunafanyaje?" Swali hilo lilikuwa linaulizwa kwa watu ambao wengine walikuwa ndiyo kwanza wanajifunza kusoma, na walikuwa na majibu.

Sasa nieleze kinachonikera. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, zinazochangwa na wafadhili, zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Zamani zilikaa halmashauri, na zahanati ikitaka hata kitasa cha mlango iliandika barua na kusubiri. Mabadiliko haya nayaunga mkono kwa moyo wote. Nimeona kitanda cha kujifungulia kikinunuliwa ndani ya wiki mbili, kitu ambacho zamani kingechukua mwaka. Lakini uamuzi uliposhuka hadi kituoni, mzigo wa kuusimamia uliishia mabegani mwetu. Kamati ndiyo inayopitisha mpango, bajeti na matumizi. Na kamati yenyewe ni mwalimu mstaafu, mkulima, mama muuza vitenge, mimi wa kopi, na wenzetu wengine wachache.

Kikao changu cha kwanza cha bajeti kiliitishwa siku ya mwisho ya kuwasilisha. Mpango ulikuwa umechapwa kwa Kiingereza, kurasa nyingi, vifungu vya bajeti kwa namba za mfumo wa kompyuta. Ilikuwepo nakala moja, ikazunguka mkono kwa mkono. Mhasibu akasema halmashauri wanasubiri. Mama wa vitenge aliuliza "hii hapa ni ya nini", akajibiwa, "Hiyo ni ya mambo ya kitaalamu, mama." Akanyamaza. Nikatia sahihi. Wote tulitia sahihi, tukapewa soda, tukaondoka.

Usiku ule sikulala vizuri. Mimi nashika karatasi za watu kutwa nzima, mikataba ya viwanja, hati za mauziano, na kila siku namwambia mteja, "Soma kwanza, mzee, ndipo utie sahihi." Halafu nimekwenda kusainia fedha za dawa za kata nzima bila kuzielewa.

Simlaumu mganga mfawidhi wetu peke yake. Asubuhi anatibu, mchana anajaza ripoti, usiku anaitwa wodini. Mafunzo yetu sisi wajumbe yalikuwa siku moja, na sehemu kubwa ilikwenda kwenye utambulisho na hotuba ya mgeni rasmi. Lakini matokeo ni hayo: mtaalamu anatuona sisi kama sahihi anazohitaji ili fedha itoke, nasi tunajiona wageni waalikwa. Wananchi nao wanatuona walaji. Katika hali hiyo kamati ipo kwenye muhtasari wa kikao tu.

Kilichotutoa hapo ni mwalimu. Kikao cha robo iliyofuata aligoma kufungua mjadala. Alisema kwa upole kabisa, "Dokta, mimi sitapitisha nisichoweza kukisoma. Nipe wiki moja na nakala, na huyu kijana wa steshenari atatutolea kopi." Kimya kikatanda. Mganga mfawidhi alimwangalia kidogo, kisha akacheka, akasema sawa. Tulikaa naye Jumamosi mbili chini ya mwembe, akatueleza kifungu baada ya kifungu, mimi nikiandika kwa Kiswahili kwenye daftari. Nilipomaliza nikachapa: fedha iliyoingia, ya dawa kiasi gani, ya ukarabati kiasi gani, ya usafiri wa rufaa kiasi gani. Ukurasa mmoja. Nikaubandika kando ya dirisha la dawa, mahali watu wanaposimama foleni na hawana cha kufanya ila kusoma.

Mabadiliko yaliyofuata yaliwashangaza hata watumishi wenyewe. Mzee mmoja aliusoma ukurasa ule akamwambia mganga mfawidhi kwamba hiyo bei ya mabati ni kubwa, yeye anajua duka la wilayani lenye bei nafuu. Alikuwa sahihi. Mama wa vitenge, yule aliyenyamazishwa, ndiye aliyegundua kwamba tumetenga fedha za mapazia ya ofisi ilhali wodi ya wazazi haina pazia hata moja, mama anajifungua anaonekana hadi nje. Hakuna daktari aliyekuwa ameliona hilo kwa miaka, na hakuna ukaguzi uliolitaja. Aliliona yeye kwa sababu alijifungulia mle ndani.

Ndiyo maana huwa sikubaliani na wanaosema kamati za wananchi ni mapambo, waachieni wataalamu. Nasikia hoja hiyo hata kutoka mbali. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2003, walianzisha hospitali za umma zenye mabaraza ya wawakilishi, wengi wao wanaochaguliwa na wananchi na wasiolipwa, na za kwanza zilianza Aprili 2004. Mabaraza yale yana nguvu kuliko sisi: yanateua mwenyekiti wa bodi ya hospitali na yanaweza kumwondoa. Hata hivyo hospitali ya Stafford ilipewa hadhi hiyo mwaka 2008 huku wagonjwa wakiteseka wodini, wengine wakikosa hata maji ya kunywa, na waliolipigia kelele jambo lile hadi nchi nzima ikasikia walikuwa ndugu wa wagonjwa. Ripoti kuu ya uchunguzi ilitoka Februari 2013. Sasa, katika mpango wa afya wa miaka 10 uliotangazwa Julai 2025, serikali yao imesema itaondoa sharti la kuwa na mabaraza hayo.

Mimi somo la Stafford nalisoma tofauti. Kiti, kura na cheo havikutosha kule, kama visivyotosha huku. Mwananchi asipoingia wodini, asipofungua leja, asipokaa na ndugu wa mgonjwa kwenye benchi, ataletewa taarifa iliyopambwa na ataipitisha. Kumwondoa mezani hakuongezi macho hata mawili.

Kuhusu posho nitasema wazi, maana ndilo swali la kwanza ninaloulizwa. Mshahara sitaki. Siku mjumbe atakapolipwa na kituo anachokisimamia, mdomo wake utakuwa mzito. Lakini nauli ni lazima, na ilipwe kikaoni, siyo kuandikwa "itafuata". Kwetu kuna kitongoji kiko ng'ambo ya mto. Bodaboda kwenda na kurudi ni hela ya unga wa siku mbili. Mjumbe wa huko alihudhuria vikao viwili, akaacha. Tukawa tunajadili gari la wagonjwa bila mtu wa upande ambao gari la wagonjwa halifiki. Mnaposema kazi hii ni ya kujitolea, mkumbuke kwamba anayeishi jirani na kituo anajitolea saa mbili, na wa ng'ambo anajitolea siku nzima na nauli yake juu.

Tena vikao visiwekwe siku ya gulio. Hili ni dogo, lakini mara tatu mfululizo kikao chetu kiliangukia siku ya gulio, na mara tatu wanawake hawakuja, na mara tatu muhtasari ukaandika "wajumbe hawakutoa udhuru".

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Kadiri wananchi watakavyozidi kuwa na kadi, ndivyo fedha zitakazopitia vituo vya kata zitakavyoongezeka, na ndivyo makosa yatakavyokuwa ya gharama zaidi. Ninaomba Wizara ya Afya na TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa, mambo machache yasiyohitaji mfadhili. Mpango wa kituo uandikwe kwa Kiswahili, na uwafikie wajumbe wiki moja kabla ya kikao. Leja ya dawa isomwe kwa sauti kila kikao, kabla ya ajenda ya fedha. Na mjumbe mpya, kabla hajapelekwa ukumbini kusikiliza hotuba, akae asubuhi nzima mapokezi na mchana stoo.

Muda wetu unaisha mwezi ujao. Mwalimu amesema amechoka, macho nayo yanamsumbua. Jumapili nilivuka mto kwenda kumtembelea mama mmoja ambaye mwaka juzi mjukuu wake alifia njiani kuja kituoni, wamembeba kwenye baiskeli. Nilimwomba achukue fomu ya ujumbe. Alikuwa anapembua mchele, hakuinua uso.

"Mimi nimeishia darasa la nne, mwanangu. Huko wanasoma makaratasi."

Nikamwambia makaratasi tutayasoma pamoja. Akapembua kidogo, akatoa jiwe, akalitupa nje.

"Na nikiuliza habari ya gari, watanijibu?"

Nilimwambia watamjibu, na wasipomjibu aulize tena, nami nitakuwa nimekaa nyuma kwenye benchi la wananchi. Fomu nilimwachia juu ya mkeka.