Kiongozi wa mashtaka akishuka mtaani

Mlalamishi aliyejulishwa tarehe asipofika kortini, kifungu cha 202 cha Sheria ya Utaratibu wa Jinai ya Kenya kinamwachilia mshtakiwa, isipokuwa hakimu aone sababu ya kuahirisha. Kifungu hicho hunijia akilini kila ninaposikia mtu akiuliza kwa nini Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma iwatume mawakili wake kwenye mabaraza ya machifu na shuleni, badala ya kuwaacha wasome mafaili.

Swali lenyewe ni la haki. Kiongozi wa mashtaka, yaani wakili wa ofisi hiyo anayeendesha kesi ya jinai, si wakili wa mlalamishi. Kifungu cha 157 cha Katiba kinamtaka aangalie maslahi ya umma na azuie sheria isitumiwe vibaya, na mshtakiwa hana hatia hadi ithibitishwe. Akizoeana mno na shahidi, upande wa pili utauliza kama maneno yale ni ya shahidi au amefundishwa. Tena wapo wasiosahau kwamba mwishoni mwa 2022 kesi za wanasiasa wakubwa ziliondolewa, nao huona mabaraza haya kama njia ya kutafuta jina zuri. Uchungu wao nauelewa. Hakuna baraza litakalowajibu.

Lakini fikiria mama wa mtaa wa Mukuru, Nairobi, mwenye kesi katika mahakama ya Makadara. Amefunga kibanda chake cha mboga, amelipa matatu, ameketi kwenye benchi tangu saa mbili. Saa sita anaambiwa kesi imeahirishwa, arudi mwezi ujao. Anarudi, inaahirishwa tena. Mara ya tatu haji, kwa sababu siku asiyouza ni siku watoto hawana unga. Rekodi itasema shahidi hakufika. Haitasema kwamba hakuna aliyempigia simu, wala kwamba jamaa za mshtakiwa humngoja stejini jioni. Polisi wamefanya uchunguzi, daktari amejaza P3, fomu ya polisi ya kuonyesha majeraha, hakimu yupo tayari, na kesi inafia hapo kwa nauli na kwa simu ambayo haikupigwa. Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya 2014 inampa mwathiriwa haki ya kupewa habari za kesi yake. Hiyo haki ataijuaje, kama mwenye faili hajawahi kumsemesha?

Na kuna kesi za unajisi wa watoto zinazomalizwa nyumbani. Wazee wanakaa, pesa zinatolewa, baba anakwenda kituoni kusema ameondoa kesi. Watu wengi wanaamini ana uwezo huo. Hana: Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, kifungu cha 40, haikumwachia baba wala polisi uamuzi wa kusimamisha kesi. Uamuzi huo ni wa ofisi ya mashtaka. Neno hilo likitamkwa na kiongozi wa mashtaka mwenyewe, mbele ya chifu na wazee walewale, lina uzito ambao bango la ukutani halina.

Hofu ya shahidi kufundishwa ina dawa: anayemsindikiza na kumpa habari za tarehe asiwe yule atakayemhoji kizimbani. Na ofisi ikitoa ripoti ya kazi hii, isituhesabie mabaraza. Ituambie ni mashahidi wangapi wa mahakama za Kibera na Makadara waliorudi mara ya tatu.