Mnaonishauri Kuhusu Gia, Nionyesheni Kwanza Rivasi Ilipo

Siku hizi sisalimiwi. Natoka ndani, nafungua geti, mtu ananikazia macho: "Mzee, unachukua ya gia au otomatiki?" Shikamoo imekwenda likizo. Kosa ni langu. Nilimnong'oneza mtu mmoja, mmoja tu, kwamba natafuta gari la spoti, lile la milango miwili, lililokwisha kutumika, nijiliwaze nalo kabla magoti hayajaingia kwenye mgomo. Kufikia magharibi mtaa mzima ulikuwa na msimamo.

Leo asubuhi ndiyo wamenimaliza. Kijana wa jirani, mswaki mdomoni, ananiambia kwa sauti ya mtu aliyefanya utafiti: "Mzee, gari la spoti la otomatiki ni friji lenye matairi." Friji! Mtoto huyu baiskeli nilimfundisha mimi, nikimkimbilia nyuma nimeshika kiti. Gari hana, leseni hana, hata huo mswaki nina wasiwasi ni wa dada yake. Lakini ana simu, na mwenye simu hashindwi jambo.

Kinachouma ni kwamba maneno hayo yalikuwa yangu. Nimeendesha gia miaka 22. Shavu la mguu wangu wa kushoto ni kubwa kuliko la kulia, suruali zangu ni mashahidi. Foleni mnazijua: klachi, moja, mita mbili, klachi, nyutro, handbreki, mtu nyuma anapiga honi kana kwamba foleni nimeitega mimi, klachi, moja. Nikifika nyumbani mguu unaendelea kukanyaga wenyewe chini ya meza, mke wangu anasogeza vikombe. Pamoja na mateso hayo yote nilikuwa nikitangaza hadharani kwamba otomatiki ni ya watu waliokata tamaa. Niliyatangaza hayo mpaka Jumamosi, saa nne hivi.

Jumamosi saa nne nilikuwa kwenye yadi ya dalali. Nilivaa miwani nyeusi na viatu vya kufunga kamba, maana mtu mzima haendi kujaribu gari la spoti na kandambili. Magari yalikuwa mawili, mapacha, rangi moja: moja la gia, moja otomatiki. Dalali akaniangalia kuanzia viatu kupanda juu, akasema, "Bosi, wewe unaonekana kabisa ni mtu wa gia." Nikavimba. Nikaomba ufunguo kwa kidole.

Kuingia tu ni kazi. Unainama, unatanguliza makalio, unajiachia, na chini kunakuja baadaye sana kuliko ulivyotarajia. Ukishakaa unaiona dunia kwa usawa wa magoti ya watu. Klachi nikaikanyaga, ikanikanyaga. Ilikuwa kama kusukuma kabati umelala chali. Sawa, nikasema moyoni, ndiyo spoti yenyewe.

Sasa, gari lilikuwa limeegeshwa pua ukutani, katikati ya magari mengine mawili. Dalali akasema, "Rudi nyuma tu taratibu, bosi." Nikatazama kichwa cha gia kutafuta mchoro. Hakuna mchoro. Mwenye gari wa kwanza alikisugua kwa kiganja miaka na miaka mpaka kikabaki kinang'aa kama kipara cha mjomba. Lakini mimi na miaka yangu 22 nikatazame mchoro wa nini? Nikasukuma kushoto kabisa, juu, ikaingia vizuri. Nikaweka mkono nyuma ya kiti cha pembeni, nikageuza shingo kutazama nyuma, pozi ile mnayoijua ya dereva aliyekubuhu, nikaachia klachi pole pole.

Gari likaenda mbele.

Nikakanyaga breki. Ukuta uliokuwa hatua tatu sasa ulikuwa hatua moja na nusu. Nikacheka kidogo, kicheko cha mtu anayejaribu breki kwa makusudi. Nikarudia, safari hii kushoto kwa nguvu zaidi, juu, shingo nyuma, klachi. Mbele. Dhiraa moja. Muosha magari akaacha ndoo yake akasogea. "Mzee, bonyeza chini kwanza kichwa cha gia, ndiyo upeleke kushoto." Nikabonyeza na uzito wote nilionao, nikapeleka. Mbele. Shibiri. Mlinzi naye akaja, kibao cha kusaini wageni kwapani: "Hizo rivasi yake iko kulia kabisa, unavuta nyuma, kama lori." Nikavuta kulia kabisa nyuma, nikaachia klachi, gari likatetemeka mwili mzima, likazima. Ilikuwa gia namba sita. Nimejaribu kuondoka na gia namba sita, mbele ya watu saba, kuelekea ukutani.

Watu saba, ndiyo, walishafika saba, na kila mmoja alikuwa na mjomba aliyewahi kumiliki gari kama lile. Kuna mteja mmoja alikuja na mwanawe kutafuta gari la familia, akaacha kabisa shughuli yake. Nikapandisha kioo, nikaona aibu, nikakishusha. Nikamwita dalali nikiwa nimebakiza heshima ya kutosha sentensi moja. "Ndugu yangu, rivasi ya gari lako iko wapi?"

Akainama dirishani, akashusha sauti. "Bosi, kusema kweli, mimi naendesha otomatiki tu."

Nikamwangalia. Mtu ameniambia ninaonekana ni mtu wa gia, na yeye gia hazijui! Nani alilileta hapa? "Kijana mmoja. Siku hizi hayupo."

Mkaguzi wa umbali wakati huo alikuwa muosha magari, amechuchumaa kando ya bampa, anapima kwa vidole. "Zimebaki nyanda mbili!" akapaza sauti. Hapo nikatia nyutro, nikasema jamani naomba mnisukume. Wakanisukuma, watu wazima wanne, mimi ndani nimevaa miwani nyeusi nimeshika usukani kama maiti wa kiongozi anayepelekwa kuagwa. Nikatoka mpaka katikati ya yadi. Nikawashukuru. Yule mtoto wa yule mteja, hata miaka tisa hajafika, akaingiza kichwa dirishani, akashika kipete kilichokuwa chini tu ya kichwa cha gia, akakivuta juu kwa vidole viwili. "Babu, na hiki ni cha nini?"

Kilikuwa ndicho. Unavuta kipete, unapeleka kushoto, juu, rivasi inaingia. Usipokivuta unapata namba moja, na namba moja inakupeleka ukutani. Wametuwekea hivyo ili mtu asije akatia rivasi kwa bahati mbaya. Wamefaulu! Na jingine: babu ni nani?

Nikaliendesha lakini. Na hapa nitasema kweli, kwa sababu nyinyi ni watu wangu. Barabara ilipofunguka, nikapandisha mbili, raundi za injini zikafika elfu sita kwa dakika, nikapangua kwenda tatu, ile gia ikaingia na mlio mdogo wa kufuli zuri linapofunga. Mbele kulikuwa na kona. Nikashika breki, klachi chini, nikagusa mafuta kidogo kwa ubavu wa kiatu ili injini ipande ikutane na gia, nikashusha mbili, likaingia bila hata kutikisika. Nikapiga kelele peke yangu. Dalali pembeni alikuwa ameshika mpini wa juu ya mlango kwa mikono yote miwili. Dakika kumi hizo ningezinunua zenyewe, bila gari. Kisha tukaingia kwenye foleni, ndani ikaanza kunuka ile harufu ya klachi inayoungua, na shavu la mguu likaniuliza kama nina akili.

Otomatiki ilichukua muda mfupi. Nikaliondoa kistaarabu, rivasi imeandikwa R, inaonekana mpaka na kipofu. Nikaelekea getini, mlinzi akainua mkono, na mguu wangu wa kushoto, kwa utumishi wake uliotukuka wa miaka 22, ukaenda kukanyaga klachi. Klachi haipo. Palipokuwa pa klachi kuna kanyagio pana la breki. Ukalikanyaga kwa nguvu ile ya kusukuma kabati. Miwani yangu ilitua juu ya dashibodi, ya dalali mpaka leo anaitafuta. Toka hapo nikaukunja ule mguu nyuma ya kiti kama mtoto aliyeadhibiwa.

Na linakimbia! Hilo ndilo linaniudhi. Ukivuta kile kibawa nyuma ya usukani gia imeshabadilika kabla hujamaliza kuamua. Ndani kuna klachi mbili: moja inashika gia namba moja, tatu, tano, nyingine namba mbili, nne, sita. Wewe uko kwenye tatu, ya nne imeshaingia inasubiri, kama shemeji aliyesikia harufu ya chakula. Porsche 911 Carrera S ya 2020, gari lilelile, injini ileile, kufika kilomita 100 kwa saa ile ya klachi mbili inaiacha ya gia za mkono karibu nusu sekunde. Nusu sekunde mimi naitumia kutafuta kanyagio.

Kwa hiyo leo asubuhi nilikuwa na jibu la kumpa yule wa mswaki, ila lilinijia akiwa ameshaingia ndani. Friji? Mwaka 1989 kule Brazil, Ferrari waliingiza mashindanoni gari la kwanza la Fomula 1 la kubadili gia kwa vibawa vya usukani. Majaribioni lilikuwa likifa kila saa. Dereva wao Nigel Mansell akalipanda, akashinda mbio zile zile za kwanza. Friji lilishinda Brazil kabla wewe hujazaliwa! Na leo hao Ferrari hawauzi tena gari jipya la klachi ya mguu, nenda kawaambie kuhusu friji.

Lakini ngoja, maana angejibu, namjua. Angesema: mbona Porsche walipotoa 911 GT3 ya 2013 bila klachi ya mguu watu walilia mpaka 2016 wakatengenezewa 911 R ya gia za mkono, magari 991 tu, na 2017 klachi ikarudi kwenye GT3 yenyewe? Na Toyota, Supra ya 2019 si ilikuja na otomatiki peke yake, 2022 wakaongeza ya mkono? Angenishinda. Nimejibishana naye kichwani nikashindwa, nikiwa naoga.

Mke wangu aliuliza swali moja: nikitaka kulitumia mimi, klachi atanifundisha nani, wewe? Tulishawahi kujaribu, mwaka fulani. Hatuuzungumzii.

Fundi wangu hana upande. "Ya gia utaniletea klachi, otomatiki utaniletea giaboksi nzima," akasema huku akifuta mikono, uso umejaa amani.

Matajiri wao wameshamaliza. Koenigsegg, wale wa Sweden wanaotengeneza magari ya matajiri, walitoa CC850 mwaka 2022, giaboksi moja, ukitaka ni ya mkono gia sita na klachi yake, ukitaka ni otomatiki gia tisa. Unaona? Ukiwa na hela hata kuchagua huchagui. Halafu wakaja Hyundai na Ioniq 5 N, gari la umeme, halina gia za kubadilisha, wakaliwekea kompyuta ya kuigiza gia! Unavuta kibawa, gari linajitikisa, spika zinatoa mlio wa injini isiyokuwepo. Linaigiza! Mimi nimetikiswa miaka 22 na giaboksi ya kweli, nimenunua sahani za klachi kwa hela ya ada za watoto, na leo mtu analipia kutikiswa kwa programu. Hapana. Hapo nilifunga simu nikatoka nje kupunga upepo.

Nje nikaliona tuta.

Tuta la mtaani kwetu mnalijua lilivyo, si tuta, ni kaburi la tembo. Na mimi ndiye niliyelipigania. Kwenye mkutano nilisimama nikasema watoto wetu watagongwa, wekeni tuta, tena liwe refu, wakapiga makofi. Sasa lile gari la spoti, la gia ama la otomatiki, tumbo lake na ardhi nilipima kwa kiganja pale yadini: shibiri kasoro wanda. Siku nne tunabishana kuhusu klachi, na hakuna hata mmoja wenu aliyenitajia tuta!

Nikatazama huku na huku, barabara nyeupe. Nikapiga magoti, nikaweka kiganja ubavuni mwa tuta, nikaanza kupima kutoka chini. Shibiri moja. Shibiri moja na nyanda mbili. Shibiri moja na nyanda nne...

"Mzee, umeangusha nini?"

Alikuwa yeye, wa mswaki, safari hii na taulo begani.

Nikamwambia ufunguo. Akapiga magoti na yeye, akawasha tochi ya simu, akaniuliza ni ufunguo wa nini, nikasema wa kabati. Tukaanza kutafuta. Baada ya muda dada yake akaja, naye akawasha ya kwake.