Ndiyo, Naota Taa Kama Kifaranga

Jumamosi iliyopita, kwenye akika ya mtoto wa rafiki yangu hapa Umeå, kaskazini mwa Sweden, mzee mmoja alinitolea uvivu mbele za watu. "Binti, nasikia siku hizi unaota taa kama kifaranga?" Sebule nzima ikaangua kicheko. Nikacheka nami kwa adabu, sahani ya pilau mkononi. Akaongeza: "Sonona gani? Mawingu tu hayo."

Mawingu!

Naam, naota, maana nina sonona ya msimu: huzuni nzito inayorudi kila majira ya baridi, mwanga unapopungua. Kuanzia Oktoba mpaka Machi, saa moja asubuhi, dakika 30, taa ya luksi 10,000 (luksi ni kipimo cha mwanga) juu ya meza ya jikoni. Siikodolei macho, naiweka mbele yangu kidogo upande, nakunywa chai, nachambua maharage.

Mzee hakuniona majira yangu ya pili ya baridi huku. Nililala kwa muda wa saa 11 na bado niliamka nimechoka. Nilikula mkate juu ya mkate. Sufuria ya ugali ilikaa kwenye sinki siku nne, ukoko ukaota ukungu, na kila nikipita nilikuwa naugeuzia uso kama mtu anayenidai. Mama mdogo akanitumia sauti kutoka Tanga: hasadi hiyo mwanangu, soma Ayatul Kursi. Nikasoma. Daktari wa kwanza akanipa vitamini D na kunirudisha nyumbani.

Hapo ndipo watu wengi wanapochanganya, na daktari yule naye hakunifafanulia. Vitamini D ni habari ya ngozi. Taa ni habari ya macho. Ndani kabisa ya jicho kuna seli ambazo kazi yake kubwa si kukuonyesha kitu, bali kuiarifu saa iliyomo ubongoni kwamba kumekucha. Sasa niambieni, nani alipaswa kulielewa hili kabla ya Msweden yeyote? Sisi! Saa yetu Waswahili huanza kuhesabiwa jua linapochomoza. Saa moja ni saa moja tangu kukuche. Mwili nao unasoma saa ya Kiswahili. Lakini Desemba hapa Umeå, saa moja asubuhi ni usiku mtupu. Jua huchomoza baada ya saa tatu, na kabla ya saa nane mchana limeshazama. Mwili uanze kuhesabu wapi? Taa inaudanganya kwamba kumekucha, nao unakubali. Mimi ulikubali kwenye wiki ya pili: niliamka, nikaosha ile sufuria, nikakaa chini nikalia.

Na dozi ni dozi. Sebule yenye taa zote hutoa luksi mia chache tu. Jua la adhuhuri Tanga hufika 100,000. Mzee wangu aliinywa dozi hiyo bure miaka arobaini, halafu ananicheka ninayehangaikia sehemu yake ya kumi. Shemeji mmoja akanishauri nitumie tochi ya simu. Asante, shemeji.

Eti ni ugonjwa wa wazungu. Norman Rosenthal, daktari aliyeuelezea na kuupa jina mwaka 1984, alizaliwa Johannesburg; alipohamia Marekani majira ya baridi yakamnyong'onyesha, ndipo akaanza kujiuliza. Haya, ni mzungu, lakini wa jua letu. Na hapa hapa Umeå, mwaka 2012 kampuni ya umeme iliweka taa za tiba kwenye vituo vya basi kama 30. Mji uliota taa kituoni, kifaranga nimekuwa mimi peke yangu.

Nikubali, kwa shingo upande, kwamba wenye shaka wana hoja. SBU, taasisi ya Sweden inayopima tiba, ilisema mwaka 2007 kwamba ushahidi wa vyumba vya taa vya hospitali hautoshi. Ni vigumu kumpa mtu mwanga wa uongo wa kulinganishia, maana mwanga anauona. Wakanada wakatafuta njia: katika utafiti wa watu 122 uliotoka 2016, wengine walipewa mashine ya hewa isiyofanya kazi, bila kujua. Na hawa hawakuwa wagonjwa wa msimu, walikuwa na sonona ya kawaida. Taa ilishinda, na taa pamoja na fluoxetine, dawa ya sonona, ilishinda zaidi.

Mwenye ugonjwa wa macho aulize kwanza. Mwenye bipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka mno, asijiwashie mwenyewe, taa inaweza kumrusha juu kupita kiasi. Na anayewaza kufa aende kwa daktari leo, asisubiri taa iletwe na posta.

Mama mdogo amenitumia sauti tena jana: bado unasoma? Shikamoo mama, nasoma. Na taa nawasha vilevile.

Mzee, ukiihitaji, njoo uazime mwezi wa nne. Desemba simpi mtu.