Fao la kukosa ajira lisitegemee barua ya mwajiri

Tangu mwaka 2018, serikali ilipounganisha mifuko ya pensheni ikabakiza miwili, PSSSF kwa watumishi wa umma na NSSF kwa sekta binafsi, sheria za Tanzania zinatambua fao la kukosa ajira. Mwanachama aliyechangia kwa muda usiopungua miezi 18, aliyeondolewa kazini bila kuacha mwenyewe kwa hiari, na ambaye hajapata kazi nyingine, hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa miezi sita. Kwa nchi ambayo kwa miaka mingi haikuwa na chochote cha namna hiyo, hiyo ni hatua ya kweli, na simo miongoni mwa wanaoibeza. Malalamiko yangu yako kwingine: tumelijenga fao hili kwa namna ambayo mwajiri aliyemwondoa mtu kazini ndiye anayebaki na uwezo wa kuamua kama mtu huyo atalipwa au hatalipwa.

Kabla sijafika huko, ni haki kulitaja jambo linalowaudhi wafanyakazi wengi kuliko yote, nalo ni kuondoka kwa fao la kujitoa, yaani ruhusa ya kuchukua michango yako yote unapoacha kazi kabla ya uzee. Mchukulie mtu wa mshahara wa shilingi 600,000 aliyefanya kazi miaka mitano. Michango ya asilimia 20, yake na ya mwajiri wake, inafika shilingi 7,200,000, bila kuhesabu faida yoyote. Akipunguzwa kazini leo, fao la kukosa ajira litampa shilingi 199,800 kwa mwezi, yaani 1,198,800 kwa miezi yote sita, na kilichobaki kitamsubiri uzeeni. Hakuna hotuba ya ofisa yeyote itakayomfanya mtu mwenye kodi ya nyumba na ada ya shule aione hesabu hiyo kuwa nzuri, na ndiyo maana tangu mwaka 2012, kujitoa kulipozuiwa kwa mara ya kwanza, suala hili limekuwa likiwasha moto kila linapoguswa. Hata hivyo, nakubaliana na hoja kwamba mtu anayechukua kila kitu kila mkataba unapoisha hufika umri wa miaka 60 mikono mitupu, na mzigo wake huwaangukia watoto. Tatizo ni kwamba Tanzania fao hili linatoka ndani ya mfuko ule ule wa pensheni. Afrika Kusini mwajiri huchangia asilimia moja na mfanyakazi asilimia moja katika mfuko wa bima ya ukosefu wa ajira unaojitegemea, kwa hiyo anayedai pale anajua kwamba anadai bima. Hapa kwetu anayedai huhisi kwamba anaombaomba sehemu ya fedha zake mwenyewe, na si rahisi kumshawishi kwamba amekosea.

Mapema mwaka 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, miradi mingi ya afya ilifungwa au ilipunguza watu ghafla, na wengi wa walioondolewa walikuwa vijana wenye stashahada na shahada waliokuwa wakikatwa michango kila mwezi bila kukosa. Dada mmoja ninayemfahamu vizuri, karani wa takwimu katika mradi wa mkoani, alipewa barua ya ukurasa mmoja aisaini siku hiyo hiyo. Barua ilisema kwamba pande mbili zimekubaliana kusitisha mkataba. Haikutaja kupunguzwa wafanyakazi, wala kuisha kwa fedha za mradi. Alisaini, kwa sababu aliambiwa kwamba mshahara wa mwezi wa mwisho hautatoka bila saini yake. Alipoipeleka kwenye dirisha la NSSF, yaani Mfuko, ofisa aliisoma mara mbili, akamwambia kwa upole, "Dada, hapa mwajiri hajasema kwamba amekuachisha. Mrudie akuandikie upya." Mwajiri mwenyewe alikuwa amekwishakabidhi funguo za ofisi kwa mwenye nyumba.

Sisemi kwamba ofisa yule alikosea, kwa kuwa kanuni zinamtaka ajiridhishe kwamba aliye mbele yake hakuacha kazi kwa hiari. Lakini tazama jinsi waajiri wanavyoitumia nafasi hiyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 38, inamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi atoe taarifa ya kusudio, aeleze sababu, na afanye mashauriano kuhusu namna ya kupunguza idadi hiyo, vigezo vya kuwachagua wanaoondoka na malipo yao. Njia hiyo ina kazi na inachukua muda. Barua ya makubaliano huikwepa yote kwa aya tatu, na mfanyakazi anayeisaini akiwa na hofu ya kukosa nauli ya kurudi kwao hajui kwamba pamoja na kazi amepoteza pia fao. Sheria hiyo hiyo inakubali kwamba mtu aliyelazimishwa kujiuzulu kwa sababu mwajiri ameifanya kazi isivumilike amehesabika kuwa ameachishwa. Ingekuwa vyema jicho hilo hilo litumike dirishani kwa barua za namna hii, badala ya kumsubiri hakimu wa kazi.

Ugumu wa pili ni michango ambayo mwajiri aliikata lakini hakuiwasilisha. Mfanyakazi anatoa hati zake za mshahara, kila moja ikionyesha makato ya NSSF, kisha anafungua taarifa ya michango na kukuta miezi mitupu imejipanga katikati. Aliyefanya kazi miaka miwili anajikuta ana miezi 14 iliyoandikwa, na kwa kuwa sharti ni miezi 18, halipwi fao la kila mwezi. Mfuko unazo nguvu za kisheria za kumdai mwajiri wa namna hiyo, pamoja na adhabu juu yake, na mara kwa mara huwafikisha wadaiwa sugu mahakamani. Kesi hiyo inaweza kuchukua miaka. Njaa ya aliyeachishwa haisubiri hukumu.

Maoni yangu ni kwamba mkatwaji hapaswi kubeba deni la mkataji. Mfuko umlipe mwanachama kwa kutegemea hati zake za mshahara, kisha wenyewe, wenye mawakili na wakaguzi, umfuate mwajiri. Nimesikia jibu kwamba hati za mshahara hughushiwa na kwamba fedha za wanachama wengine zitaibwa kwa ajira hewa. Ni hofu ya haki, ila serikali ina pa kuhakiki: mwajiri huwasilisha kwa Mamlaka ya Mapato (TRA) kila mwezi kodi ya mapato ya wafanyakazi wake, na mtu ambaye jina lake lilionekana kule kwa miezi 24 mfululizo hawezi kuwa mfanyakazi hewa kwa sababu tu mwajiri aliamua kulipa kodi na kubaki na michango.

Kuhusu kiinua mgongo, malipo ambayo mwajiri humpa anayemwachisha kazi, sitasema mengi. Kifungu cha 42 cha sheria ile ile ya ajira kinampa aliyetimiza mwaka mmoja mshahara wa siku saba kwa kila mwaka aliofanya kazi, na ukomo ni miaka 10, kwa hiyo hata aliyetumikia miaka 25 anaondoka na siku 70. Jirani zetu wa Kenya, ambao hawana fao la kukosa ajira tunalolizungumzia hapa, wameweka siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka kwa anayepunguzwa kazini. Kwa yule wetu wa shilingi 600,000 na miaka mitano, akiwa anafanya kazi siku sita kwa wiki, kiinua mgongo ni takriban shilingi 808,000.

Kinachonisumbua zaidi ni muda. Anayepinga kuachishwa kwake ana siku 30 tu za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, nazo huanza kuhesabiwa mara anapoachishwa. Siku hizo humalizika akiwa anaambiwa na ofisi ya rasilimali watu "njoo wiki ijayo, bosi yuko safari" kwa ajili ya barua ile ile inayotakiwa na Mfuko. Anaweza kuomba kuongezewa muda, lakini lazima atoe sababu za kuiridhisha Tume, na kuahidiwa barua na mtu wa mapokezi ni sababu dhaifu.

Wizara yenye dhamana ya kazi inaweza kulimaliza jambo hili kwa kanuni fupi. Iwepo fomu moja ya nchi nzima, yenye sababu za kuachishwa za kuchagua, ambayo mwajiri ataijaza kwenye mfumo wa Mfuko siku ya mwisho ya kazi, sambamba na cheti cha utumishi ambacho sheria inamtaka akitoe hata sasa. Zikipita siku 14 hajaijaza, kiapo cha mfanyakazi, hati zake za mshahara na rekodi za TRA vitoshe kulifungua dai, na anayetaka kulipinga awe mwajiri, kwa ushahidi wake na kwa gharama zake.