Tuachieni Tuione Miguu Yake
Jioni za mwezi wa Juni hapa Uyole, Mbeya, baridi inapotuingiza ndani mapema, tunapenda kujifunika mablanketi na kutazama tamasha la Michael Jackson lililorekodiwa Bucharest, Romania, tarehe 1 Oktoba 1992. Anapochomoza jukwaani husimama kimya bila kutikisika, huku uwanja mzima ukipiga mayowe, nasi sebuleni tunaweka chini vikombe vya chai tukingoja hatua yake ya kwanza.

Kinachonikera ni kwamba miguu hiyo haiachwi ionekane. Mara kwa mara, pale anapoanza kuzunguka au kuteleza, mhariri wa picha hukata na kutuletea msichana anayelia, kisha kijana aliyezimia akibebwa juu ya vichwa vya watu, na picha inaporudi jukwaani hatua imekwisha kupita. Kuwaonyesha watazamaji si kosa, maana bila wao tamasha lingepooza. Lakini mchezaji huyu anacheza kuanzia mabegani hadi kwenye ncha za vidole vya miguu, na anayekata picha katikati ya hatua amemkata mchezaji mwenyewe. Mdogo wangu, ambaye anajifunza kucheza (na ana kipaji kweli), hurudisha nyuma mara tatu, mara nne, akitafuta unyayo ulikanyaga wapi, asiupate.

Laiti wangetuwekea hata kamera moja tu, ikasimama mbali, ikatulia mpaka wimbo uishe.